Bibi wa Fundi Viatu

Watu walikuwa hawajamaliza hata chai ya kwanza kwenye kilio cha Papa Amisi, na tayari wazee wawili wenye mvi walikuwa wamekunjiana uso kwa sababu ya filamu. Papa Amisi alikuwa na ukumbi wa video hapa Baraka, na hao wawili walikuwa wateja wake tangu ujana wao. Mmoja alishikilia kwamba yule mama wa kwenye filamu alikuwa mke wa fundi viatu. Mwingine alisema ni mama wa mama yake, na kwamba mwenzake ana kichwa kigumu tangu zamani. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye pikipiki, vumbi la njia ya Uvira limenijaa mpaka masikioni, nao wakaniona na kupaza sauti kwa pamoja: "Mutafsiri ni ule! Mumuulize!" Nikawaambia nimekuja kumlilia Papa Amisi, sikuja kukata kesi. Mjane wake akacheka, akasema marehemu angefurahi sana kuona bado wanabishana. Nikaenda kukaa naye kwenye mkeka, moyo wangu mwepesi kuliko inavyofaa msibani.

Filamu yenyewe siku hizi si ya kutafuta. Binti yangu aliipata kwenye simu mwaka jana, tukaitazama sebuleni, maneno yote mahali pake, hakuna jenereta inayokohoa, hakuna mtu anayesimama mbele yako. Ni filamu nzuri. Nasema nzuri kama mtu anavyosema ugali wa nyumba nyingine ni mzuri: umeiva, hauna neno, lakini si wa kwetu. Binti yangu alilia, mimi sikulia, akanishangaa. Maoni yangu, ambayo hakuna aliyeniomba, ni kwamba filamu hiyo ilionyeshwa vizuri mara moja tu tangu itengenezwe, nayo ilikuwa Baraka, chini ya turubai la shitingi, mchana wa jua kali, na kosa kubwa likiwa katikati yake. Kosa lilikuwa langu, na sijawahi kulijutia hata siku moja.

Nilikuwa na miaka kumi na minane mwaka ule. Nilikuwa nimerudi kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, nikapokelewa na mama mdogo Esta, ambaye hakuwahi kukimbia. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili vya matofali ya udongo, na kati ya chumba na chumba kulikuwa na kikwembe, kitenge cha maua ya njano, badala ya mlango. Kwa hiyo kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Nililala kwenye mkeka karibu na magunia ya muhogo, na harufu ile ya unga mchachu ndiyo ninayoiita kurudi nyumbani. Tulikula vizuri kwa hali ya wakati ule: ndagala za kukaanga, yaani dagaa wetu wa ziwani, mchicha wa lengalenga, maharage, na siku ya bahati samaki mmoja, mukeke, wa kugawana. Lakini sombe hatukupika. Mtu asiyetujua hataelewa uzito wa jambo hilo. Nyumba ya huku kwetu Fizi isiyopika majani ya muhogo ni sawa na kanisa lisiloimba. Kila asubuhi mwanamke wa jirani alipita na sombe iliyotwangwa, kijani kibichi, inatoa maji, na kila asubuhi mama mdogo alimwambia, "Leo hapana." Nilidhani tumbo lake haliipendi, nikaona haya kuuliza.

Nililipata jibu nikiwa nyuma ya kikwembe cha njano. Alikuja Mwalimu Etabo, kaka mkubwa wa mume wake, aliyekuwa anafundisha huko juu Fizi-Centre. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hata akishuka mlima kwa pikipiki, na sauti yake ilikuwa ya darasani hata akiomba maji.

"Esta," alisema, "miaka inapita. Wilondja hatarudia. Mukubali tufanye kilio, tumusindikize muntu wetu."

"Mufanye nyinyi. Mi sitalia."

"Sasa bibi ya marehemu asipolia, batu batasema nini?"

"Baseme. Shemeji, mi sijui kulilia muntu aliniaga na kicheko."

Ndipo nikasikia habari ambayo hakuna aliyekuwa amenisimulia. Wakati wa vita, njaa ilipobana, baba mdogo Wilondja aliamua kupanda kwenda kijijini Lubondja, kutoa muhogo alioulowesha kabla watu hawajakimbia mashamba. Mama mdogo alitaka kwenda naye ili wasaidiane mizigo. Akamwambia, "We baki, upike sombe. Kama nakosa kurudia, kula na yangu, upate kunona kidogo." Mama mdogo alikuwa mwembamba tangu usichana, na huo ulikuwa utani wake wa kila siku. Akaondoka akicheka mpaka kwenye kona, na hakuna aliyemwona tena, wala yeye wala wale aliopanda nao. Kufa wakati ule kulikuwa kwa kila mtu, na mama mdogo asingemlaumu mume wake kwa kufa. Alichokuwa anamlaumu ni ule utani. "Kama alinipenda," alimwambia Mwalimu, "angeniaga vizuri. Muntu anaenda fasi batu banakufa, na anacheka? Alikuwa ananichukua kama mutoto." Mwalimu akasema atarudi. Mimi nilibaki nimekumbatia gunia, nikitamani kilio hicho kifanyike, maana nilimwona mama mdogo anavyozeeka kwa hasira juu ya mtu asiyeweza kumjibu.

Ukumbi wa Papa Amisi ulikuwa mbao pande tatu na shitingi juu, ile ile ya bluu tuliyofunikia vibanda vyetu kambini. Alikuwa na televisheni moja yenye mgongo mkubwa, spika mbili, na jenereta nje inayotikisa ukuta. Mtafsiri wake wa kwanza alikuwa ameacha kazi kwenda kuchimba dhahabu. Wateja walimkumbuka kwa upendo, ingawa alikuwa na dawa moja kwa ugonjwa wote: asipoelewa maneno alisema, "Hapa anasema atamuua." Mimi kambini nilisoma programu ya Kongo, kwa hiyo niliweza kusoma Kifaransa kinachopita chini ya picha na kukisema kwa Kiswahili kabla hakijatoweka, na kazi nikapewa mimi. Shida ilikuwa Kiswahili chenyewe. Masomo yalikuwa ya Kongo lakini mdomo ulikuwa wa Kigoma. Nilikuwa nikisema "naomba chumvi", watu wanaanguka kwa kucheka: "Mutanzania anaomba chumvi! Anaiomba kama muntu anaomba Mungu!" Na chini ya utani huo kulikuwa na kijiti kinachochoma. Waliobaki walituambia tulikimbia tukala maharage ya wazungu, wao wakala mizizi. Hata ukumbini tulikaa mbalimbali bila mtu kutupanga: waliobaki mabenchi ya kushoto, waliorudi ya kulia, mimi katikati na kipaza sauti.

Papa Amisi aliipata filamu ile kwenye furushi la kanda zilizotoka Uvira. Jaladani kulikuwa na askari, basi akatangaza ni filamu ya vita, na vijana wakaja kuona mabomu. Mama mdogo alikuja pia, mara yake ya kwanza, kwa sababu nilimsumbua wiki nzima aje kusikia sauti yangu kwenye spika. Alikaa kushoto pamoja na wanawake wa mtaa wake, mkono shavuni, kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Mimi sikuwa nimeitazama kabla. Hatukuwa na anasa ya kufanya mazoezi.

Picha ya kwanza ni chumba kidogo katika nchi ya baridi. Kijana fundi viatu anammiminia chai mama mzee sana, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, na chini yanapita maandishi: anamwita nyanya yake, chai inapoa. Mdomo ukatangulia kichwa. Nikasema, kama ambavyo ningesema Kigoma, "Bibi, chai yako inapoa."

Mabenchi ya kushoto yakalipuka. Kwetu Kongo, bibi ni mke.

"Eee! Bibi yake ni ule muzee?"

"Mapendo haina macho, mama!"

"Mahari alilipa kwa nani? Babazazi yake si balishakufa bote?"

Kulia wakajibu: "Si bibi ya vile! Ni koko yake!"

"Bibi ni koko ku Tanzania! Hapa tuko Baraka!"

Nikatafuta neno jingine kwa haraka. Nyanya kwao ni ya kupikia tu, ningemfanya yule mama kuwa mboga. Koko, neno la Kongo la nyanya, nilikuwa nalijua na wa kulia walikuwa wameshalipigia kelele, lakini kichwa kilikuwa kimeganda. Nikamtazama Papa Amisi aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akiwa ameshika mbavu kwa kicheko akanipungia mkono: endelea hivyo hivyo. Basi nikaendelea. Kila alipoitwa yule mama, nilisema bibi, na filamu mbili zikatembea kwa wakati mmoja katika ukumbi mmoja.

Hadithi yake ni hii. Askari wa kigeni wanaiteka mitaa ile na wanamlazimisha fundi awatengenezee buti. Anazitengeneza, lakini kila buti anaiwekea kipande cha ngozi kavu ndani ya soli, ili ikikanyaga ilie. Buti zikilia, mtaa mzima unajua askari wanakuja, na wanaotafutwa wanajificha. Jemadari anakasirika na kelele za viatu vyake, anazirudisha, fundi anazitengeneza ziimbe zaidi. Vijana walisahau mabomu yao. Lakini bibi yake ni kiziwi, hasikii buti wala mizinga. Kwa hiyo wamepatana: fundi akianza kucheza dansi na ufagio mbele ya duka lake, bibi aliye dirishani upande wa pili wa njia anajua ni hatari, anaingia ndani ya sanduku la unga. Naye hajawahi kuona dansi mbaya kama ile. Kila mara anaingia sandukuni akicheka, na anatoka mweupe wa unga mpaka kope. Wanawake wa kushoto walipiga makofi. "Bwana ni ule!" walisema. "Anachezea bibi yake!"

Kisha askari wanagundua. Siku moja wanakuja pekupeku, buti mkononi. Fundi anakuta wameshafika mlangoni. Wanamfunga mikono nyuma na kumtoa njiani, na kule dirishani bibi yake anampungia, hajui kitu. Fundi anaanza kucheza. Mikono imefungwa, kwa hiyo anacheza kwa miguu na mabega tu, vibaya kuliko siku zote. Askari wanacheka, wanadhani hofu imempandisha wazimu. Bibi anacheka, anatikisa kichwa, anafunga dirisha. Askari wanaingia kupekua na hawaoni mtu. Wanampeleka fundi nyuma ya kinu, unasikika mlio mmoja wa bunduki. Picha ya mwisho ni ndani ya sanduku: yule mama bado anacheka, anajifuta machozi ya kicheko kwa vidole vya unga.

Sehemu hiyo yote haina neno hata moja. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na sikuwa na la kusema, na nilishukuru. Jenereta ilinguruma. Kushoto na kulia watu walikuwa wameshika pumzi, halafu mwanamke mmoja akaanza kucheka na kulia pamoja, na wengine wakamfuata, na kwa mara ya kwanza sikuweza kujua nani alikimbia na nani alibaki.

Nje, ugomvi wa bibi ulianza hapo hapo mlangoni, na Papa Amisi akaninong'oneza, "Nyamaza, Wabiwa. Bakibishana, kesho batarudia." Lakini sauti iliyopanda kuliko zote ilikuwa ya Mwalimu Etabo. Alikuwa ameshuka tena kwa ajili ya shauri la kilio, akaikuta nyumba imefungwa, akaja kukaa nyuma ukumbini kutungoja. "Vita haiko kitu ya kuchekea!" alisema, shati lake la pasi limelowa jasho. "Siye tulizika batoto ya masomo. Na bazungu banatengeneza dansi! Ni kukosea batu balikufa heshima." Na kila mtu alijua aliwazika kweli.

Nimemjibu kichwani miaka yote hii. Namheshimu, na katika jambo moja namuunga mkono: askari wa filamu ile ni wajinga mno. Askari tuliowajua sisi wangesikia viatu vyao siku ya pili, na fundi asingefika katikati ya hadithi. Muziki wake pia una sukari nyingi. Lakini filamu ile haiicheki vita hata mara moja. Anayechekesha ni fundi, na anachekesha kwa sababu ana kazi ya kufanya, na kicheko ndicho chombo alicho nacho. Wanaosema kichekesho na kilio visipikwe chungu kimoja hawajakaa kambini. Sisi kambini tulicheka kila siku, na mtu aliyeacha kucheka ndiye tuliyemwangalia usiku tusije tukampoteza.

Mwalimu alitangulia na pikipiki, mimi na mama mdogo tukaenda kwa miguu. Nyumbani aliwasha moto, akaweka maji ya ugali, kisha akaketi kwenye kigoda akanitazama.

"Wabiwa. Ule fundi, alijua banaenda kumuua?"

"Alijua, mama mdogo."

"Na alicheza."

"Alicheza."

"Kama alilia, bibi yake angefanya nini?"

Nikafikiri. "Angetoka nje."

"Angemufuata," alisema. Maji yalichemka na hakuyagusa. "Mi nilikuwa nimeshafunga kikwembe ya safari, siku ile. Nilikuwa tayari na kitunga. Akanichekesha, nikakasirika, nikakifungua. Nilibakia juu ya hasira." Alirudia mara mbili kwamba hasira ndiyo iliyombakiza: juu ya hasira, juu ya hasira. Kisha akalia. Alilia mpaka Mwalimu Etabo, aliyekuwa ameketi chumba cha pili, akasogeza kikwembe cha njano, akatuona, akakirudisha taratibu. Nilimshika mama mdogo mabega. Nilifurahi, na papo hapo niliogopa. Amani aliyoipata ilikuwa imesimama juu ya neno langu moja, na neno lenyewe lilikuwa la Kigoma.

Kilio kilifanyika wiki zilizofuata. Watu walishuka kutoka Fizi na wengine kutoka Lubondja kwenyewe, na kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka. Na sombe ilipikwa. Mama mdogo aliitwanga mwenyewe, akaitia mawese na ndagala, na harufu yake ilijaza mtaa hadi yule mwanamke mwuzaji akaja kuhakikisha kwa macho. Mwalimu alipomaliza hotuba yake, ndefu na nzuri, mama mdogo alisimama. Akawaambia watu maneno ya mwisho ya Wilondja, kama alivyoyasema, akiiga na mwendo wake wa mabega. "Kula na yangu, upate kunona kidogo." Nikamtazama Mwalimu, nikaomba Mungu asiseme kitu. Akaguna. Ikawa kicheko kilichomtoka tumboni bila ruhusa yake, na wazee wa Lubondja wakapiga kelele kwamba ndicho hicho, hicho ndicho kicheko cha Wilondja. Mwalimu alificha uso kwenye mikono na mabega yake yakaendelea kutikisika, na hatukujua tena anacheka au analia. Mama mdogo akapakua sahani mbili. Akaketi mbele ya watu wote, akala yake, kisha akavuta ya pili akaila yote, polepole, na hakuna aliyemharakisha.

Asubuhi yake tulikuwa wawili uani, mimi na mama mdogo, tunaosha sufuria za kuazima kwa majivu. Alikuwa anaimba puani. Nikaona kama nisiposema sasa sitasema kamwe.

"Mama mdogo, ile filamu. Yule mama hakuwa mke wake. Alikuwa bibi yake."

"Ee," alisema, anasugua. "Si ni vile ulisema? Bibi yake."

"Hapana. Bibi ya Tanzania. Koko yake. Mama wa mama yake."

Mkono wake ukasimama ndani ya sufuria. Kisha akanigeukia.

"Ule kijana balimuua?"

"Walimuua."

"Na mbele ya kufa alimuchezea?"

"Alimchezea."

"Basi ni bibi yake," alisema. "Lete ile sufuria ingine."